Sekunde nne za bibi: nilivyookoa filamu za baba

Futi moja ya filamu ya Super 8, ule mkanda mwembamba wa kamera za nyumbani za zamani, ina picha 72. Zikipita kwa mwendo wa picha 18 kwa sekunde, hizo ni sekunde nne. Ndizo nilizochoma mimi, usiku mmoja wa Januari 2020, sebuleni kwetu Marangu, watu kumi na wanne wakitazama. Ndani ya sekunde hizo nne alikuwamo bibi yangu, mama yake baba, akitoka mlangoni kumpokea bibi harusi, ambaye ndiye mama yangu. Bibi alifariki 1979, kabla sijazaliwa. Tuna picha zake mbili za mnato, moja imeliwa na mende pembeni. Akitembea alionekana mahali pamoja tu, na mahali hapo sasa pana uwazi.

Tangu habari za filamu zetu zienee kijijini nimeshafuatwa na majirani watatu wenye masanduku kama letu. Nimewasimulia niliyoyapitia tangu mwanzo, na hapa naandika yale yale niliyowaambia.

Baba alisomea mitambo ya kilimo Ujerumani Magharibi, akarudi 1974 na kamera ya Super 8 na projekta yake. Kwa miaka tisa alipiga filamu kila alipopata kaseti. Kaseti moja ilikuwa na mita 15, yaani dakika tatu na sekunde ishirini basi, na kuipata Moshi ilikuwa kazi. Aliletewa na wageni wa kanisa. Ikishajaa aliituma tena Ujerumani kwa posta ikasafishwe, akaisubiri kwa miezi. Ndiyo maana karibu kila kipande chake kina urefu wa sekunde tano, saba, nane: kahawa ikisagwa maganda kwa mashine ya mkono, watoto wakiruka mfongo (mfereji wa maji), wazee na kata za mbege, kilele cha Kibo asubuhi kabla mawingu hayajaifunika. Alikuwa anahesabu. Baada ya vita vya Kagera mambo yakawa magumu zaidi, na riili ya mwisho ni ya 1983. Nami nimo humo, nimebebwa mgongoni na dada, nina mwaka mmoja.

Riili zote zilikuwa 23 kwenye sanduku la bati chini ya kitanda chake: ndogo 19, na kubwa nne za mita 60 alizounganisha mwenyewe. Ukizijumlisha hazifiki saa mbili. Miaka tisa ya ukoo mzima.

Usiku ule baba alikuwa na wiki tatu kaburini. Projekta haikuwa imewashwa tangu nikiwa shule ya msingi. Mkanda wake wa mpira ulikuwa umeyeyuka kama lami, kaka akaenda kutafuta mwingine kwa fundi redio soko la Mbuyuni. Balbu ya wati 100 ilipowaka, watu walipiga makofi. Tulianza na harusi kwa sababu mama aliitaka. Ilienda vizuri kama dakika mbili: kanisa, Land Rover iliyofungwa maua, baba akicheka na meno yake yote. Katika filamu zote baba anaonekana humo tu, kwa sababu siku hiyo kamera ilishikwa na mdogo wake, baba mdogo wetu. Kisha mlango wa nyumba ya zamani, na bibi akatokea. Akapiga hatua, akageuka kututazama, na picha ikasimama.

Nilidhani imekwama kidogo tu. Doa la kahawia lilianza katikati ya kifua chake, likatanuka, ukuta ukawa mweupe. Harufu ya plastiki iliyoungua ikajaa chumba. Mama alisema neno moja: "Zima."

Kilichotokea nilikuja kukielewa baadaye. Filamu ya zamani husinyaa. Kusinyaa kwa sehemu ndogo sana tu kunatosha matundu ya pembeni yasikutane tena na ukucha wa projekta unaovuta mkanda. Mkanda unasimama, balbu inaendelea kuwaka sentimita chache kutoka kwenye picha, na kwa sekunde moja au mbili picha inaungua. Projekta ikiwa nzima kabisa inaweza kufanya hivyo. Yetu ilikuwa na mkanda wa redio. Kwa hiyo ukikuta filamu za wazee wako, usiziwashe. Najua hamu ilivyo. Kama unataka kujua kilichomo, fungua nusu mita ya mwanzo kwa mikono mikavu, iinue mbele ya dirisha, tazama kwa lenzi ya kukuza. Utaona watu. Kwa siku hiyo inatosha.

Na dalili ilikuwepo. Nilipofungua lile sanduku, harufu ya siki ilinipiga puani, nikasema moyoni labda kuna chupa ilimwagika. Haikuwa chupa. Filamu za aina hii zimetengenezwa kwa plastiki iitwayo asetati, na asetati ikikaa kwenye joto na unyevu inaanza kutoa asidi ile ile ya siki. Asidi hiyo inaongeza kasi ya kuharibika, na mvuke wake unaziambukiza riili za jirani. Marangu kuna baridi, ndiyo, lakini kuna ukungu na unyevu mwaka mzima, na sanduku lilikaa kwenye sakafu ya saruji. Riili nne zilikuwa zinanuka. Nilipaswa kuzitenga siku ile ile. Nilizitenga baada ya mwaka na nusu.

Wakati huo nilikuwa nimeshafanya kosa la pili. Riili nyingi zilikuwa na vumbi na utando wa ukungu kama wa buibui, nikaamua kuzipangusa. Nikanunua spiriti ya kawaida ya duka la dawa, nikalowesha pamba, nikaanza na riili ya mavuno ya kahawa ya 1977. Pamba ikatoka na rangi. Nikafikiri ni uchafu, nikaendelea. Nilipoinua mkanda kwenye mwanga, karibu mita mbili zilikuwa na mabaka, picha imelainika na kuvutika kama rangi ya maji.

Aliyenieleza sababu ni kijana fundi simu karibu na stendi ya Moshi, nilipompelekea simu kwa shida nyingine kabisa nikaanza kumsimulia. "Dada, hiyo ya dukani ni asilimia 70, iliyobaki ni maji. Sisi hata bodi ya simu hatuioshei hiyo." Akanionyesha chupa yake: alkoholi ya isopropili ya asilimia 99, inayokauka upesi bila kuacha maji. Upande wa filamu wenye picha, ule usiong'aa, umeshikiliwa na utando wa jelatini, na jelatini ikipata maji inavimba na kulegea. Kijana yule hakujua lolote kuhusu filamu, ila alijua maji ni adui wa vitu laini. Alinitafutia lita moja kwa shilingi 35,000. Niliitumia kwa kitambaa laini kisichoacha nyuzi, kile cha kufutia miwani, nikikikunja mkanda ukipita katikati taratibu, bila kukandamiza. Kila mita mbili tatu nilibadilisha sehemu ya kitambaa. Kazi hii fanyia mahali penye hewa, mbali na jiko. Na kama mkanda una mstari wa kahawia pembeni, mwembamba kama uzi, usiupake kitu chochote. Nitaurudia mstari huo.

Kosa la tatu liligharimu shilingi 250,000. Mwaka 2021 niliambiwa kuna duka Arusha linalohamisha "kanda za zamani". Nilipanda basi na riili ndogo tano kwenye mfuko wa plastiki. Mwenye duka alikuwa mtu mpole na hakunidanganya. Alifanya alichokijua, na alichokijua ni kanda za video za VHS. Filamu zangu alizirusha kwenye kadibodi nyeupe kwa projekta, akazirekodi kwa kamera iliyosimama pembeni. Nilichopewa kwenye flashi kilikuwa kinapepesa kama taa ya tyubu inayokufa, kwa sababu mwendo wa projekta na mwendo wa kamera haulingani. Katikati palikuwa peupe mno, pembeni giza, na vichwa vya watu vimekatwa juu. Riili moja ilirudi matundu yake yamechanika kwa urefu wa mkono mzima.

Siku hizi kabla ya kumkabidhi mtu filamu namuuliza swali moja: unapiga kila picha peke yake, au unairusha ukutani? Akijibu ukutani, nafunga mfuko wangu. Akijibu picha moja moja, naomba anionyeshe mashine. Skana ya kweli inasogeza mkanda polepole na kupiga kila fremu kama picha ya mnato, kwa mwanga baridi usiounguza.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma kuliko hata zile sekunde nne.

Baba mdogo, yule aliyeshika kamera siku ya harusi, alikuwa hai. Alikuwa mzee, anakaa Mwika, macho yanaona, kumbukumbu kali. Kila tulipokutana msibani au kanisani aliniuliza, "Mwanangu, zile picha zimekuwa tayari?" Nami nikijibu, "Bado kidogo, baba mdogo. Nataka uzione zikiwa nzuri." Wakati huo zile nakala za Arusha zilikuwa kwenye mkoba wangu. Niliona aibu kumwonyesha kitu kinachopepesa, yeye aliyepiga kwa mkono uliotulia kiasi kile. Alifariki Julai 2022. Kwenye riili zile tano kuna watu kumi na tisa ambao mama hawatambui. Yeye angewataja wote, pamoja na nyumba walizotoka na ng'ombe waliotolewa.

Filamu ilikuwa imekaa miaka arobaini sandukuni na ingeweza kungoja mwaka mwingine, nikaiharakisha. Mzee hakuwa na mwaka mwingine, nikamngojesha. Kama una nakala mbovu, mpelekee mzee wako leo. Kupepesa hakumzuii mtu kumtambua dada yake.

Baada ya mazishi yale nilikaa na ndugu zangu tukachanga. Haikuwa rahisi. Mmoja alisema wazi kwamba fedha hiyo ni ada ya mtoto, na sikuweza kumlaumu. Hakuchanga, na leo ana nakala sawa na wote. Tulinunua skana ndogo ya nyumbani ya filamu za milimita 8, kama dola 400 za Marekani. Binamu yetu aliyeko Marekani akaileta kwenye begi lake. Ilinifikia kama shilingi milioni moja.

Kwanza hakikisha unajua filamu yako ni ipi. Kabla ya Super 8 kuja mwaka 1965 kulikuwa na milimita 8 ya kawaida, iliyoanza 1932, na upana wake ni ule ule. Tofauti iko kwenye matundu: ya Super 8 ni madogo, kila tundu likiwa ubavuni mwa katikati ya picha, ya ile ya zamani ni makubwa na yako kwenye mpaka kati ya picha na picha. Skana ina swichi ya kuchagua, na ukikosea utaona nusu ya picha hii na nusu ya ile.

Mashine yetu inapiga picha mbili kwa sekunde. Riili ndogo ina picha 3,600, kwa hiyo ni nusu saa. Ile kubwa ni saa mbili. Usiondoke. Kila mahali baba alipounganisha kwa gundi panaweza kukwama, na gundi nyingi zilikuwa zimeachia; niliziunga upya kwa utepe maalumu wa filamu alioleta binamu pamoja na mashine. Selotepu ya dukani usiiguse, inatoa gundi inayonata tabaka kwa tabaka. Umeme ulikatika mara mbili nikiwa katikati ya riili. Mkanda haukuungua kwa kuwa taa ni ya LED, lakini faili zote mbili zilikataa kufunguka, nikaanza upya. Nikanunua betri ya akiba ya kompyuta kwa 180,000, na ningeinunua kabla ya mashine kama ningejua.

Kitu kingine kilichonisumbua ni theluji. Mashine inajirekebishia mwanga yenyewe, na kila baba alipoinua kamera kutoka migombani kwenda Kibo, migomba iligeuka myeusi. Nilijifunza kupunguza mwanga kwa mkono kabla ya kuanza na kukubali picha iwe na giza kidogo, kwa sababu giza unaweza kulinyanyua baadaye. Mahali palipopauka kabisa hapana kitu cha kurudisha. Riili ya Februari 1976 nimeipiga mara tatu kwa ajili ya mlima tu. Barafu iliyomo humo huioni tena: kati ya 1912 na 2007 Kilimanjaro ilipoteza karibu asilimia 85 ya barafu yake, na baba alisimama katikati ya safari hiyo bila kujua anarekodi nini.

Kisha mwendo. Mashine hii inatoa faili ya picha 20 kwa sekunde, wakati baba alipiga 18. Tofauti inaonekana ndogo, lakini watu wanatembea kama wanaowahi basi. Kwenye programu ya kuhariri punguza mwendo hadi asilimia 90, na kwa milimita 8 ya kawaida, iliyopigwa 16, punguza hadi 80. Mama alikuwa ameshalalamika bila kujua sababu: "Shangazi yenu hakuwa mtu wa kukimbia hivyo." Niliporekebisha akanyamaza, akatazama hadi mwisho.

Nilitumia DaVinci Resolve, toleo la bure, kwenye laptopu ya kazini iliyokuwa ikikwama kila dakika kumi. Rangi ndizo zilizonichukua muda mrefu. Riili za Kodachrome zilikuwa kama za jana, nyekundu ni nyekundu. Za aina nyingine zimegeuka waridi, kila kitu, hadi ng'ombe. Nilihangaika na vipimo vya programu kwa wiki mbili, udongo wetu ukitoka mwekundu kama matofali mabichi, mpaka mama aliponiona na kufungua sanduku lake mwenyewe. Akatoa kitenge alichovaa Pasaka ya 1978. Kimechuja, lakini ndani ya pindo, mahali ambapo jua halikufika, kijani chake kipo. Tukakiweka ubavuni mwa kioo cha kompyuta. Nilisogeza rangi, mama akisema "bado, bado, rudi nyuma, hapo." Kwa riili zisizokuwa na kitenge hicho nilitumia kola ya mchungaji kupata nyeupe na jani la mgomba kupata kijani. Tafuta kitu kimoja ndani ya picha ambacho mtu aliye hai anakijua rangi yake.

Kuhusu kuhariri, niliyoyafanya kwanza nimeyafuta. Nilikuwa nimetengeneza filamu ya dakika kumi na mbili, nimeweka wimbo wa kwaya na kuondoa vipande vyote nilivyoona vibovu: vilivyotikisika, vyenye ukungu, visivyo na mtu. Mama alipoitazama aliuliza, "Ile njia iko wapi?" Baba alikuwa amepiga sekunde sita za njia tupu katikati ya migomba, na mimi niliitupa kwanza kabisa. Ndiyo njia ya kwenda nyumba ya zamani. Nyumba ilibomolewa, njia ikafungwa walipogawana kihamba, shamba la ukoo, mwaka 1991. Hakuna anayeweza kuipita tena. Sasa nina faili moja ndefu isiyokatwa kwa kila riili, kuanzia alama za mwanzo hadi mkanda unapochomoka, na hiyo haiguswi. Kuhariri nafanyia nakala.

Nilijaribu pia programu ya akili bandia ya kung'arisha nyuso. Ilimng'arisha kaka yake bibi mpaka akawa na kope na meno ya mtu mwingine. Shangazi alitazama kwa muda, akasema, "Huyu simjui." Niliifuta programu jioni hiyo. Chembechembe za filamu ziacheni; sura ya mtu imejengwa kwa chembechembe hizo.

Krismasi ya 2022, watu wote walipopanda kutoka Dar, Arusha na Nairobi, nilitandika shuka jeupe ukutani na kukodi projekta ya kisasa. Safari hii nilikuwa na daftari na simu mbili. Nilifungua kila riili mara mbili: ya kwanza wazee watazame tu, walie, wacheke, ya pili nilisimamisha kila panapotokea sura mpya, na kila sura nikaipa namba. Simu zilirekodi sauti muda wote. Usiwaulize wazee "huyu ni nani?" peke yake. Uliza nyumba ile ni ya nani, ng'ombe yule aliishia wapi, na jina litakuja lenyewe likiwa limebeba mambo mengine. Kwa njia hiyo nilijua kwamba mzee wa kofia kwenye riili ya saba ndiye aliyechimba mfongo unaopita nyuma ya kwetu, na kwamba yeye na babu walikaa miaka minne hawasalimiani kwa sababu ya zamu ya maji. Namba zilifika 112. Usiku ule tulitaja 80. Baadhi ya waliotaja wameshaondoka tangu hapo.

Riili tatu kubwa sikuthubutu kuzipitisha kwenye mashine yetu: ya harusi, kwa sababu ya pale ilipoungua, na mbili za 1981 na 1982 zenye ule mstari wa kahawia. Mstari huo ni wa sumaku, na ndio unaobeba sauti. Kuanzia 1973 kaseti za Super 8 zenye sauti zilikuwa zinauzwa, na yaelekea mtu alimwazima baba kamera ya aina hiyo. Skana za nyumbani hazisomi sauti. Tena sauti ya picha fulani haikai pembeni ya picha hiyo. Iko fremu 18 mbele yake, na ukikata mkanda ovyo unakata maneno ya mtu sekunde moja kutoka mdomoni mwake. Mwaka 2023 binamu aliyekuwa anakwenda Ujerumani kikazi alizibeba kwenye begi la mkononi. Tuliogopa mashine za kiwanja cha ndege. Filamu iliyokwisha kusafishwa haidhuriki na eksirei, madhara ni kwa ambayo haijasafishwa. Maabara ya huko ilizipiga kwa ubora wa 2K na kuzirekodi sauti kwa karibu laki nne.

Kwa jumla tumetumia kama shilingi milioni mbili na laki mbili, pamoja na diski mbili za terabaiti moja. Moja iko kwangu Moshi, nyingine kwa kaka Dar, na nakala ya tatu iko kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kila Januari nazifungua zote kuona kama zinafunguka. Ndugu wakiomba kwa WhatsApp natuma kama dokumenti, kwa kuwa ukituma kama video inabanwa mpaka nyuso zinageuka matope. Riili zenyewe sikuzitupa. Ziko kwenye kabati la mbao, juu kutoka sakafuni, na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu nilivyovikusanya kwenye maboksi ya viatu. Zile nne za siki ziko chumba kingine, kwenye makopo yasiyofungwa kwa kubana ili mvuke utoke. Tatu nimefaulu kuzipiga. Ya nne imejikunja kama ganda la mnazi na haipiti kwenye mashine yoyote niliyo nayo.

Faili za Ujerumani zilifika Desemba 2023. Kwenye harusi, wale watu wa maabara waliunganisha pale palipoungua kwa uangalifu: bibi anapiga hatua mlangoni, anaanza kugeuka, halafu mara moja ni watu wanacheza uani. Nimezoea kuitazama hivyo.

Ya 1981 niliifungua na mama, sisi wawili, jikoni kwake. Ni siku ya ubarikio wa ndugu yetu mmoja wa ukoo. Mwanzo ni mlio wa kamera tu na upepo. Kuna mwanamke mwenye kitambaa cha kijani anapita na beseni la ndizi, ameipa kamera mgongo. Alikuwamo pia kwenye riili mbili zisizo na sauti, kwenye daftari ni namba 41, na Krismasi ile hakuna aliyemtambua kwa sababu kila mara anageuza uso. Kisha ikasikika sauti ya baba, karibu sana, ya mtu wa miaka thelathini na tano. "Shangazi wa Mamba! Geuka huku, shangazi, geuka nikuone!" Mwanamke akacheka bila kugeuka, akaingia ndani na beseni lake.

Mama aliweka kikombe chini. "Kumbe ni yeye," alisema. "Alikuwa haogopi kitu duniani isipokuwa kupigwa picha." Nikachukua daftari nikaandika kwenye namba 41. Mama akaniomba nirudishe nyuma, asikie tena.